Jirani hufunga mlango lini? Jibu kwa mwalimu wa Micheweni

Mwalimu mmoja wa Historia, wa skuli ya sekondari wilaya ya Micheweni, Pemba, ameniandikia hivi: "Asalaam aleikum. Nilikuwa nafundisha habari za wakimbizi, mwanafunzi akasimama akasema bibi yake alikimbilia Shimoni mwaka 2001 kisha akapelekwa jangwani. Akaniuliza mambo matatu. Kwa nini jirani mmoja hufungua mlango na mwingine hufunga? Kenya ilitutendea haki? Na watu wa Msumbiji wakishuka kesho pwani yetu, sisi tufanye nini? Nilimjibu nusu nusu. Nisaidie, mzee wangu."

Wa alaykumu s-salaam, mwalimu. Mwanafunzi huyo mpe salamu zangu, na mwambie maswali yake yamenikalisha siku mbili. Mimi ni mtoto wa Wete, na miaka ishirini na ushei ya umri wangu imekwenda katika kazi za wakimbizi, Kigoma zaidi, na kaskazini mwa Kenya. Nitakujibu kwa niliyoyaona na kwa yale yaliyoandikwa yakathibitika.

Kwa muda wote huo sikuona jirani aliyefunga mlango kwa sababu ya idadi ya watu peke yake. Jirani hufunga pale anapoamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba mgeni hataondoka, na kwamba wale waliomhimiza ampokee wamemwachia mzigo peke yake. Ikiongezeka hofu ya usalama juu ya hayo, mlango hufungwa usiku mmoja. Yaliyobaki katika jibu langu ni maelezo ya maneno haya.

Niingie Shimoni, bandari ndogo ya pwani ya kusini mwa Kenya, maana huko ndiko alikoanzia mwanafunzi wako. Januari 2001 nilikuwa nasoma Mombasa. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2000 ulikuwa umewaacha watu wetu na ghadhabu, na tarehe 26 na 27 Januari yakaja maandamano, risasi na vifo. Waliokufa Unguja na Pemba walizidi thelathini. Siku chache baadaye khabari zikatufikia kwamba Wapemba wanashuka Shimoni kwa mashua na vyombo vidogo vya uvuvi, wamevuka mkondo usiku na kaskazi inawapiga ubavuni. Nikavuka Likoni, nikapanda matatu, nikaenda kumtafuta mjomba wangu.

Nilimkuta chini ya mwembe, amekaa juu ya gunia. Mfukoni alikuwa na mshipi uliozungushwa kwenye kibao, na ndoana zake mbili. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho nyumbani, kwa sababu alikuwa nacho mfukoni tangu asubuhi ya siku ile. Chai aliyokuwa anakunywa aliletewa na mvuvi wa Wasini, kisiwa cha ng'ambo ya Shimoni, ambaye kwa miaka mingi walikuwa wakikutana baharini na kuuziana chambo. Watu wa Shimoni na Wasini hawakungoja amri ya Nairobi. Walifungua madrasa, wakatoa mikeka, wakapika. Wengine walikuwa ndugu kwa damu, wengine ndugu kwa bahari.

Mwalimu, hapa lipo jambo la kwanza la kuwafundisha vijana. Katika kila msiba wa watu kuhama kwa nguvu, serikali ya nchi jirani hufika ya pili. Wa kwanza kufika ni wenyeji wa mpakani, na wao hupokea bila kikao. Lakini ukarimu wao una kina chake kama kisima, na usipojazwa hukauka.

Hilo nililiona kwa macho Kagunga, Mei 2015. Burundi ilikuwa imechafuka tangu Aprili, Rais Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu. Kagunga ni kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka, na kukifikia ni kwa chombo cha maji. Kwa wiki chache makumi ya maelfu ya watu walijaa kwenye ukanda ule wa mchanga. Meli ya MV Liemba, ile ya zamani ya Wajerumani, ilisimama majini kwa sababu hapakuwa na gati ya kuifaa, na watu wakapelekwa kwayo kwa mitumbwi. Ilibeba mamia kwa safari moja, na waliokuwa wakingoja walikuwa maelfu. Kipindupindu kikaingia.

Palikuwa na mama mmoja muuza dagaa. Siku niliyofika alikuwa amepokea familia tatu, na sufuria yake kubwa haikupoa. Siku ya kumi alinishika mkono akanipeleka ufukweni, akanionesha pale anapoanika dagaa wake. Pamejaa watu wamelala, hakuna pa kuweka hata nyayo. "Mimi siwafukuzi," akaniambia, "lakini dagaa naanika wapi?" Kila siku ziwa lilipowapa wavuvi, yeye hakuwa na pa kuanikia, na watoto wake walikuwa wanasomeshwa kwa dagaa hao. Hakuna aliyemwuliza hasara yake. Vifaa vya misaada vilipofika viligawiwa wageni peke yao, na yeye aliyewalisha kwa siku kumi hakupata hata ndoo. Nilikuwa miongoni mwa waliogawa. Hadi leo naona tulimdhulumu, na naona pia kwamba chuki nyingi za baadaye tunazozilaumu kwa wenyeji zilipandwa na sisi wagawaji kwa namna hiyo.

Sasa niende kwa serikali. Tanzania yetu ni mfano mzuri kuliko wote, kwa sababu nchi moja imefanya yote mawili, kufungua na kufunga, na watu wake ni wale wale. Mwanafunzi akikuambia kwamba taifa fulani lina roho nzuri na fulani lina roho mbaya, mpeleke Katumba kwanza, kisha Ngara.

Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji wakaja magharibi mwa nchi. Serikali ikawapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hayakuwa makambi ya kungoja mgao. Kila familia ilipata shamba, ikalima mahindi na tumbaku, na katikati ya miaka ya themanini makazi yale yalikuwa yanajitegemea, yanalisha hata wenyeji. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi ilivyowatendea wakimbizi. Mwaka 2007 serikali iliwauliza wazee wale na watoto wao: kurudi au kuwa raia? Wengi sana walichagua uraia, na hatimaye watu wapatao 162,000 waliupata. Sijui mfano mkubwa kuliko huo barani kwetu wa kuwapa wakimbizi uraia kwa pamoja.

Kisha Aprili 1994. Katika muda wa siku moja na kitu, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Daraja lile ni jembamba, na chini yake mto Kagera ulikuwa unapitisha maiti. Nchi iliwapokea. Ila haikupita mwaka, tarehe 31 Machi 1995, Tanzania ikafunga mpaka wake na Burundi, wakati makumi ya maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa makambini huko walipoanza kuelekea kwetu kwa miguu. Na Desemba 1996 serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wakatangaza kwa pamoja kwamba Wanyarwanda wote wanatarajiwa kurejea kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Baadhi walitoka makambini wakaelekea porini, ndani zaidi ya Tanzania, na askari wakawageuza. Karibu nusu milioni walirudi katika wiki chache. Kuna waliorudi kwa hiari, na kuna ambao hiari yao ilikuwa bunduki iliyosimama barabarani.

Ni nini kilichobadilika kati ya 1972 na 1996? Ardhi ilikuwa imepungua, hilo ni kweli. Mikopo ya nchi za nje ilikuwa imekuja na masharti ya kubana matumizi ya serikali. Vyama vingi vilikuwa vimerudi mwaka 1992, na Oktoba 1995 palikuwa na uchaguzi, kwa hiyo mwananchi wa Ngara aliyekatiwa msitu wake kwa kuni sasa alikuwa na kura ambayo mtu alikuwa anaitaka. Ngara wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji. Lakini jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba safari hii ndani ya wale waliokimbia walikuwamo waliofanya mauaji ya kimbari, na kila mtu alijua.

Uone kilichotokea Goma, upande wa Zaire, ambayo sasa ni Kongo. Julai 1994 watu karibu milioni moja walimiminika pale kwa siku chache, juu ya mawe ya volkano ambayo huwezi kuchimba choo wala kaburi. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Walionusurika walitawaliwa makambini na wanajeshi na mameya wale wale waliosimamia mauaji nyumbani, wakagawa chakula cha misaada wao, wakafanya mazoezi ya kijeshi wao. Makambi yalikuwa karibu mno na mpaka. Mwaka 1996 vita vikaingia ndani yake, na mashariki ya Kongo haijatulia hadi leo. Hofu ya usalama kwa nchi inayopokea si kisingizio siku zote, mwalimu. Mkataba wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi uliliona hilo mapema: unaitaka nchi inayopokea iwaweke wakimbizi umbali wa kutosha kutoka mpaka wa kwao. Nakuomba ulishike neno hilo, tutalihitaji tukirudi kwa bibi wa mwanafunzi wako.

Mkataba huo huo, uliotiwa saini Addis Ababa, una mambo mengine ambayo naona fahari kuyaeleza, kwa sababu ni mawazo ya Waafrika wenyewe. Unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu, na nchi alikotoka isilichukulie kuwa uadui. Unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari, hata kwa kumzuia mpakani. Unataka kurejea kuwe kwa hiari. Na unamtambua kuwa mkimbizi hata mtu aliyekimbia kwa sababu utulivu wa nchi yake umevurugika vibaya, bila kumtaka athibitishe kwamba anatafutwa yeye binafsi. Kwa kifungu hicho, robo milioni waliweza kuvuka Rusumo wakatambuliwa wote kwa mkupuo. Ungewahoji mmoja mmoja ungemaliza miaka.

Hata hivyo nisikupambie. Nchi inaweza kutia saini ikafunga, na nyingine isitie saini ikafungua. Bangladesh, Lebanon na Jordan hazimo katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Bangladesh ilipokea Warohingya waliokimbia Myanmar, zaidi ya laki saba tangu Agosti 2017, katika miezi michache, eneo la Cox's Bazar. Lebanon, nchi ya watu milioni nne na kitu, ilipokea Wasiria zaidi ya milioni moja, kisha mwaka 2014 na 2015 ikaanza kubana. Tena ilikataa tangu mwanzo kuwajengea makambi rasmi. Ukiuliza kwa nini, jibu ni Wapalestina. Walifika 1948 wakaambiwa watarudi karibuni, na wajukuu zao wangali makambini. Lebanon iliogopa neno "kwa muda."

Kumbukumbu inaweza pia kufanya kazi kinyume. Wavenezuela wamekimbia nchi yao kwa mamilioni, na walio wengi zaidi wamo Kolombia. Mwaka 2021 Kolombia iliwafungulia kibali cha kukaa na kufanya kazi kwa miaka kumi. Miaka ya vita vyao wenyewe, Wakolombia wengi walikimbilia Venezuela, na watu hawakusahau. Ulaya nayo, Machi 2022, ilitumia kwa mara ya kwanza sheria ya hifadhi ya muda iliyokuwa imelala tangu 2001, na Waukraine wakaingia, wakafanya kazi, watoto wakaenda skuli bila kungoja. Miezi michache kabla, Poland hiyo hiyo ilikuwa inawarudisha Wasiria, Waafghani na Wairaki msituni kwenye mpaka wa Belarus. Usiwafiche vijana hili. Wakati mwingine mlango hufunguka kwa kutazama uso wa anayebisha.

Nikurudishe kwenye pesa, maana hapo ndipo "kuachwa peke yako" kunapoonekana wazi. Karibu wakimbizi saba katika kila kumi duniani wamo katika nchi jirani na kwao, na nchi hizo nyingi si tajiri. Tajiri yuko mbali, na mchango wake ni fedha na kuchukua baadhi ya watu. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliahidi Uturuki euro bilioni 6 ili Wasiria wabaki kule. Maombi ya fedha kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, kwa miaka kadhaa mfululizo, hayakufikia hata nusu ya kilichoombwa. Nimekaa kambini siku ambayo mgao wa unga unapunguzwa. Hakuna tangazo linalofika haraka kuliko kibaba kidogo. Jioni ile ile vijana huanza kutoka kwenda kutafuta vibarua mashambani, mashamba ya watu huibiwa mihogo, wenyeji hukasirika, mkuu wa wilaya hupokea malalamiko, na mwezi unaofuata unasikia kauli kali Dodoma. Mgeni anaonekana ndiye mbaya, lakini kamba ilivutwa na mtu ambaye hakufika kuchangia.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu baada ya 2015. Januari 2017 Tanzania iliacha kuwatambua Warundi kwa mkupuo. Januari 2018 ikajitoa katika mpango mpya wa Umoja wa Mataifa uliotaka wakimbizi wachanganyike na wenyeji, wafanye kazi, wajitegemee, na ikataja usalama na kukosekana kwa fedha. Baadaye masoko ya pamoja, ambako mkimbizi wa Nyarugusu na mwanakijiji wa Kasulu walikuwa wanauziana, yakafungwa. Mlango haufungwi mpakani tu. Kuna wa soko, wa kibali cha kutoka kambini, na wa skuli. Ukiifunga milango ya ndani, mtu hurudi kwao huku kila mtu akisema amependa mwenyewe.

Sikubaliani na kufungwa kwa masoko yale, na nilisema hivyo wakati ule. Mwanakijiji alipoteza kama mkimbizi alivyopoteza. Uganda imekwenda njia nyingine. Sheria yake ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na familia hupewa kipande cha ardhi. Nchi ile ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Agosti 2016, na kwa miezi michache yakajaa Wasudani Kusini. Nayo inaelemewa. Vipande vya ardhi vimepungua ukubwa, na chakula kimekatwa mara kwa mara. Mpango mzuri usio na mchangiaji hauishi kwa wema peke yake.

Sasa Msumbiji, jambo linalonichoma zaidi. Tangu Oktoba 2017 watu wa Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa nchi hiyo, wanauawa na kuchomewa vijiji na wapiganaji wa uasi. Makao makuu ya jimbo hilo ni mji unaoitwa Pemba, jina letu. Pwani yake wanazungumza Kimwani, lugha ambayo Mpemba akiisikia huokota maneno njia nzima. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, baadhi walijiokoa kwa mashua, kama wetu wa 2001. Na wengi waliovuka mto Ruvuma kuja Mtwara walirudishwa. UNHCR ilisema hadharani kwamba kufikia katikati ya mwaka ule zaidi ya watu elfu tisa walikuwa wamerejeshwa Msumbiji kupitia Negomano.

Sababu ya hofu naijua. Oktoba 2020 wapiganaji hao walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua wananchi wetu. Nchi ina haki ya kupekua, kuhoji, kumtenga mwenye silaha. Lakini wengi wa wale waliorudishwa walikuwa wanawake na watoto, na mpiganaji hatafutwi kwa kumrudisha mama mwenye mtoto mgongoni. Tanzania hii ndiyo iliyowapokea Wamsumbiji miaka ya sitini, ikawapa makazi Rutamba kule Lindi. FRELIMO yenyewe ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Tulikosea mwaka 2021. Nayasema haya kwa uchungu wa mtu anayeipenda nchi yake.

Nimjibu mwanafunzi swali la pili. Kenya iliwapokea watu wetu na ikakubali waandikishwe kuwa wakimbizi, ingawa lilikuwa jambo la kuona haya kati ya serikali mbili marafiki. Hapo ilitenda haki. Kisha walio wengi wakapelekwa Dadaab, Garissa, nchi kavu ya vumbi na miiba, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kisheria palikuwa na sababu: umbali kutoka mpakani, lile neno nililokuomba ulishike. Na tangu 1991 Kenya ilikuwa na desturi ya kuwaweka wakimbizi makambini. Lakini mkataba ulikusudia kuwatenga na silaha, na wavuvi wale hawakuwa na silaha yoyote. Umbali wa kutosha ungeweza kupatikana mahali penye maji ya chumvi. Mjomba wangu alikaa Dadaab miezi saba na mshipi wake mfukoni. Aliniambia kilichomkosesha usingizi ni kutosikia maji. Usiku ulikuwa kimya mno. Muafaka kati ya vyama vya CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba 2001, na walio wengi walirejea. Wachache waliishia hata Mogadishu, wakakaa huko zaidi ya miaka kumi.

Umwambie na hili: Wapemba wengine walikuwa wamekaa pwani ya Kenya tangu enzi za mkoloni, Kilifi na Kwale, wakivua bila kitambulisho, hivyo bila leseni, bila akaunti, watoto hawana cheti. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa mojawapo ya makabila ya nchi hiyo na kuwapa uraia. Jirani yule yule aliyetupeleka jangwani ametufanyia pia jambo ambalo nchi chache hufanya, na mwanafunzi ana haki ya kuyajua yote mawili.

Swali la tatu ni la vitendo, nalo nalijibu kwa vitendo. Uhamiaji na uraia ni mambo ya Muungano, kwa hiyo nani abaki haliamuliwi na sheha wala na wavuvi wa Tumbe. Ila saa za mwanzo ni zenu. Chombo kikitia nanga, wapeni maji kwanza, kisha uji mwepesi. Mtu aliyekaa siku baharini bila kula msimjaze wali. Sheha aarifiwe saa ile ile, naye awaarifu polisi, KMKM (kikosi cha kuzuia magendo) na Uhamiaji. Kumficha mtu nyumbani kwa huruma humfanya aonekane mhalifu siku atakayopatikana. Watu wasirudishwe baharini, hata aliyewaamuru awe nani, kabla hawajasikilizwa. Mwenye kuzungumza Kimakua au Kireno atafutwe. Kimwani mtaelewana wenyewe.

Na daftari. Siku ya kwanza kabisa, mtu mwenye hati nzuri, pengine wewe mwalimu, akae chini ya mti aandike: jina, jina la baba, kijiji, nani alikuwa naye chomboni, nani amepotea. Watoto waliokuja peke yao waandikwe ukurasa wao, wakae na familia moja, wasitenganishwe ndugu. Shimoni hapakuandikwa hivyo siku zile za mwanzo, na nilimwona mama akizunguka siku nne akimtafuta mwanawe aliyekuwa amelala madrasa ya pili. Ukurasa wa mwisho uwe wa wenyeji: nani ametoa mikeka mingapi, nani amepokea watu wangapi, shamba la nani limekatwa kuni. Wagawaji wakifika na ndoo zao, mpeni mkubwa wao ukurasa huo asome kabla hajashusha mzigo.